Nimegongwa na pikapu nikiwa kwenye baiskeli isiyo na taa: je, bado nina haki ya kudai fidia?

Mheshimiwa Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamume wa miaka 38, mkazi wa Morogoro mjini, nina mke na watoto watatu. Riziki yetu inatokana na mboga ninazonunua kwa jumla katika Soko la Mawenzi na kuzipeleka Kihonda kwa baiskeli, ambako nawauzia mama lishe na wateja wa mitaani. Miezi saba iliyopita, yapata saa kumi na mbili na nusu jioni, nilikuwa njiani na tenga la karoti na kabichi kwenye keria, nikiwa nimeshika kushoto, pembeni kabisa mwa lami. Pikapu ilinipita kwa upande wa kulia, na kabla haijamaliza kunipita ikakata kona kushoto kuingia sheli. Ubavu wake ulinipiga begani, nikaangukia ukingo wa mtaro pamoja na mzigo wangu, na gurudumu lake la nyuma likaikanyaga baiskeli. Mguu wangu wa kushoto ulivunjika chini ya goti, nikafanyiwa upasuaji na kuwekewa vyuma. Hadi leo natembea kwa gongo moja na siwezi kupiga pedali.

Dereva hakukimbia. Alinisaidia kufika hospitali, askari wa usalama barabarani walifika, wakapima barabara, nami nikapewa PF3, ile fomu ya polisi ya matibabu ya majeruhi. Baadaye nilipofuatilia niliambiwa kwamba dereva alilipa faini na kwa hiyo kesi imekwisha. Gari lile ni la mfanyabiashara wa vifaa vya ujenzi, na siku hiyo lilikuwa linapeleka saruji kwa mteja wake. Nilipomfuata mwenye gari alinijibu kwamba yeye hakuwemo garini, hivyo nimdai aliyekuwa ameshika usukani.

Siku ya pili baada ya ajali, nikiwa bado chumba cha upasuaji, dereva alimpa mke wangu shilingi 400,000 na kumtaka atie saini kwenye karatasi ya daftari ambayo nakala yake hatunayo. Mke wangu anasema hakuisoma vizuri kwa sababu alikuwa amechanganyikiwa. Sasa dereva na tajiri yake wanataka twende kwa mwenyekiti wa mtaa, niongezewe shilingi 300,000, na tuandikishane kwamba tumemalizana.

Majirani wananishauri nipokee na kunyamaza. Wanasema baiskeli yangu haikuwa na taa wala kioo, na nilikuwa na mzigo mkubwa, hivyo nikienda mahakamani nitaonekana mimi ndiye mwenye kosa. Dereva naye amenitisha kwamba mlango wa pikapu uliingia ndani na anaweza kunidai matengenezo. Kwa upande mwingine, binamu yangu anayeishi Rotterdam, Uholanzi, ananiambia kwamba kule gari likigonga baiskeli, mwenye gari hulipa tu. Naomba unieleze ukweli wa sheria yetu. Je, kukosa taa kunaniondolea haki? Nimdai nani? Na ile karatasi aliyosaini mke wangu inanifunga?

Muuza mboga, Morogoro.

Jibu la Mshauri

Marahaba, ndugu yangu, na pole sana kwa maumivu na kwa miezi yote hii ambayo nyumba yako imekaa bila mtafutaji wake. Kabla sijagusa sheria yenyewe nakuomba jambo moja la haraka: usitie saini mbele ya mwenyekiti wa mtaa, wala mbele ya mtu mwingine yeyote, karatasi inayosema kwamba mmemalizana, mpaka utakapojua thamani ya kile unachoombwa kukiachia. Maelezo yanayofuata yatakuonyesha kwa nini nasema hivyo.

Nianze na binamu yako, kwa kuwa hajakudanganya. Uholanzi ina kifungu cha 185 cha sheria yake ya usalama barabarani, ambacho kinamtwisha mwenye gari dhima pale gari lake linapomgonga mtembea kwa miguu au mwendesha baiskeli, isipokuwa athibitishe kwamba ajali ilitokana na jambo lililo nje kabisa ya uwezo wake. Mahakama za huko zimekwenda mbele zaidi na kuamua kwamba mtoto aliye chini ya miaka 14 hulipwa hasara yake yote hata kama alikosea, na mtu mzima hulipwa angalau nusu, ila kwa yule aliyejiingiza kwenye ajali kwa makusudi au kwa kutojali kunakokaribia makusudi. Ufaransa nayo ina sheria ya mwaka 1985 yenye mwelekeo kama huo. Mimi binafsi natamani sana nchi yetu ifike huko, kwa sababu mtu aliyekaa ndani ya pikapu iliyobeba saruji na mtu aliyekaa juu ya baiskeli hawaingii barabarani wakiwa wamebeba hatari sawa, na si haki sheria iwatazame kana kwamba wako sawa. Hata hivyo, wewe unaishi Morogoro, na hakimu wa Morogoro atakupima kwa sheria ya Tanzania Bara.

Sheria hiyo inajengwa juu ya uzembe. Anayedai fidia anapaswa kuonyesha kwamba aliyemgonga alikuwa na wajibu wa kuchukua tahadhari kwa ajili yake, kwamba alishindwa kuutimiza wajibu huo, na kwamba madhara aliyoyapata yalitokana na kushindwa huko. Juu ya wajibu wenyewe hapatakuwa na ubishi mkubwa, kwani kila dereva ana wajibu huo kwa kila mtu aliye barabarani, na waendesha baiskeli wamo. Ile kauli ya mitaani kwamba barabara ni ya magari na wenye baiskeli wanavumiliwa tu haina mahali pa kusimama katika Sheria ya Usalama Barabarani, Sura ya 168. Dereva anayempita mwenzake anatakiwa amwachie nafasi ya kutosha na asirudi upande wa kushoto mpaka awe amempita salama, na dereva anayekata kona anatakiwa ahakikishe kwanza kwamba hamwingilii yule anayekwenda moja kwa moja. Kwa jinsi ulivyoieleza ajali yako, dereva yule alivunja mambo yote mawili kwa pigo moja. Alikuwa na njia rahisi ya kuepusha yote, nayo ni kupunguza mwendo, kubaki nyuma yako kwa sekunde chache hadi uivuke njia ya kuingilia sheli, kisha aingie.

Sasa tufike kwenye taa, maana hapo ndipo majirani wako wamekutisha zaidi. Ni kweli kwamba sheria inataka baiskeli inayotembea gizani iwe na taa mbele na kiakisi mwanga nyuma, na sitakuambia kwamba jambo hilo ni dogo. Lakini swali ambalo mahakama inapaswa kujiuliza haliishii kwenye kama ulikuwa na kosa. Inapaswa kuuliza kama kosa hilo lilichangia kusababisha ajali hii. Kuna makosa mengi ambayo mtu anaweza kuwa nayo barabarani yasiyohusiana hata kidogo na sababu ya kugongwa kwake, na makosa ya namna hiyo hayampunguzii fidia hata shilingi moja.

Itazame ajali yako kwa jicho hilo. Kazi ya taa au kiakisi cha nyuma ni kumwezesha dereva anayekuja akuone kabla hajakufikia. Dereva huyu alikufikia, akahamia kulia ili akupite, kisha ndipo akakukatia njia. Mtu hawezi kuhama upande ili akipite kitu asichokiona. Kwa maana hiyo, kitendo chake mwenyewe cha kukupita ni ushahidi kwamba alikuona, na hata kama baiskeli yako ingekuwa na taa tatu, kona ile ingekatwa vilevile na bega lako lingepigwa vilevile. Hoja hii ishike vizuri na uieleze kwa utulivu kila utakapoulizwa, iwe polisi, kwenye kampuni ya bima au mahakamani, kwa sababu ndiyo itakayobeba sehemu kubwa ya madai yako. Ili isimame, maelezo ya awali ya dereva polisi ni muhimu sana. Ikiwa aliandika kwamba alikuona na akadhani amekwisha kukupita, basi amekwisha kusema yeye mwenyewe. Ikiwa sasa atabadilisha na kudai hakukuona kabisa kwa sababu ya giza, maelezo yale ya kwanza pamoja na shahidi yeyote aliyekuwa sheli jioni hiyo vitamrudisha kwenye ukweli.

Suala la saa nalo usiliache lielee. Saa kumi na mbili na nusu jioni kwa Morogoro ni wakati wa jua kuzama, na kutegemeana na mwezi wa mwaka inaweza kuwa bado pana mwanga wa kutosha mtu kuonekana kutoka mbali. Mhudumu wa sheli, kondakta wa daladala, mama anayechoma mahindi pembezoni, yeyote aliyekuwepo, anaweza kueleza kama magari mengine yalikuwa yamewasha taa wakati ule. Kama sheli hiyo ina kamera, nenda kaulize hata kama miezi imepita, ingawa mara nyingi kumbukumbu hizo hufutwa mapema.

Na tuseme mahakama, baada ya kusikiliza pande zote, ikaona kwamba nawe ulichangia kwa kiasi fulani, labda kwa sababu mzigo ulikuyumbisha. Hata hapo haki yako haifutiki. Zamani, katika sheria ya Kiingereza tuliyoirithi, mdai aliyechangia ajali hata kidogo alikuwa anapoteza kila kitu, lakini utaratibu huo uliondolewa, na Sheria ya Marekebisho ya Sheria kuhusu Ajali za Vifo na Masharti Mengineyo, Sura ya 310, inaiagiza mahakama ipunguze fidia kwa kadiri ya mchango wa mdai katika kosa. Chukua mfano wa kubuni: hasara yako yote ikithaminiwa kuwa shilingi 6,000,000, na mahakama ikaona umechangia asilimia 20, utalipwa shilingi 4,800,000. Kinachobishaniwa ni kiasi cha kupunguza, na kwa maelezo uliyonipa sioni msingi wa kiasi kikubwa. Kipimo hichohicho ndicho kinachojibu kitisho cha mlango wa pikapu: mwenye gari anaweza kudai gharama za mlango kwako kwa kadiri tu atakavyothibitisha kwamba uzembe wako ndio ulioubonyeza, na mlango ulioharibika wakati gari likikukatia njia ni ushahidi unaomlemea yeye zaidi kuliko wewe.

Umeambiwa kwamba dereva amelipa faini na kesi imekwisha. Kilichokwisha, kama kweli kimekwisha, ni mambo kati ya dereva na Serikali. Faini inaingia Hazina, haiingii kwenye mguu wako, na malipo yake hayagusi haki yako ya kudai fidia kwa njia ya madai. Nakushauri uende kituoni ukaulize kwa upole kama jalada limefungwa au liko kwa mwendesha mashtaka, kwa sababu uendeshaji wa hatari uliosababisha majeraha ya mwili ni kosa zito kuliko uendeshaji wa kizembe wa kawaida. Ikiwa dereva atashtakiwa na kutiwa hatiani na mahakama, na muda wa rufani ukapita, Sheria ya Ushahidi inaichukua hukumu hiyo kuwa uthibitisho kamili kwamba alitenda kosa lile, na mzigo wako wa kuthibitisha uzembe utakuwa mwepesi mno. Karatasi ya faini ya papo hapo haina nguvu kama hiyo, kwa kuwa si hukumu, lakini bado inaweza kukusaidia ukiiweka pamoja na ushahidi mwingine.

Ukiwa kituoni hapo, omba nyaraka mbili zaidi ya PF3 uliyo nayo: taarifa ya polisi ya ajali, ambayo wengi wanaijua kama PF90, na taarifa ya ukaguzi wa gari, PF115. Omba pia nakala ya ramani ya ajali ambayo askari waliichora siku ile walipopima barabara. Ramani hiyo inaonyesha mahali ulipoangukia, mahali gari liliposimama na umbali kutoka ukingo wa lami, na vipimo vile vilivyoandikwa kwa mkono wa askari siku yenyewe ya tukio vina uzito kuliko kumbukumbu ya mtu yeyote baada ya miezi saba. Kama umepoteza PF3, usikate tamaa, rudi uombe nakala iliyothibitishwa.

Tajiri wa pikapu amekujibu vibaya, na nadhani anajua hivyo. Dereva aliyeajiriwa anapofanya uzembe akiwa kwenye shughuli za mwajiri wake, mwajiri anawajibika pamoja naye, hata kama mwajiri alikuwa amelala nyumbani kwake. Umeniandikia kwamba gari lilikuwa linapeleka saruji kwa mteja wa duka lake, na maneno hayo machache ndiyo yanayomfunga. Hali ingekuwa tofauti kama dereva angekuwa amelichukua gari kwa mambo yake binafsi bila idhini, na huenda tajiri akajaribu kusema hivyo baadaye. Kwa hiyo tafuta mapema uthibitisho wa safari ile: mteja aliyekuwa anasubiri saruji, risiti ya siku hiyo, au vijana wa kupakua waliokuwa nyuma ya pikapu. Ukifungua shauri, wadaiwa wawe wote wawili, dereva na mwenye gari.

Lakini fedha yenyewe, katika mashauri mengi ya namna hii, hutoka kwenye bima, na nashangaa kwamba katika barua yako yote hakuna aliyekutajia neno hilo. Sheria ya Bima ya Magari, Sura ya 169, inakataza gari kutembea barabarani bila bima inayofunika angalau kifo na majeraha ya watu wengine. Hiyo ndiyo bima ya mtu wa tatu, ambayo wengi wanaiita bima ndogo, na huyo mtu wa tatu anayetajwa ni wewe. Bima ile haikuwekwa kwa ajili ya kumfurahisha mwenye gari wala kumridhisha askari wa barabarani anayekagua, iliwekwa ili muuza mboga aliyevunjika mguu asitegemee huruma ya mfuko wa mtu. Chukua namba ya usajili wa pikapu, ihakiki katika mfumo wa Mamlaka ya Usimamizi wa Bima, TIRA, na utajua kama siku ya ajali ilikuwa na bima hai na ya kampuni gani.

Ukishaijua kampuni, iandikie barua ya madai ukiambatanisha nakala za nyaraka za polisi na za hospitali, na ubaki na nakala iliyogongwa mhuri wa kupokelewa. Wenye magari wengine hukaa kimya bila kuiarifu kampuni kwa kuogopa usumbufu, lakini kwa majeraha ya mtu wa tatu, jambo ambalo mwenye gari amelifanya au ameshindwa kulifanya baada ya ajali halipaswi kukunyima wewe malipo. Kwa kawaida hutaishtaki kampuni ya bima moja kwa moja. Utamshtaki dereva na mwenye gari, na hukumu ikishatolewa kampuni inawajibika kuilipa, kwa sharti kwamba iwe ilipewa taarifa ya shauri kabla halijafunguliwa au mara tu baada ya kufunguliwa. Sharti hili la taarifa limewaponza wadai wengi waliokuwa na haki, hivyo wakili wako alitekeleze kwa maandishi mapema iwezekanavyo. Mara nyingi kampuni hupenda kulipa kwa mapatano kabla ya mahakama, na hakuna ubaya, mradi kiasi kiwe cha haki. Ikikuzungusha bila sababu unaweza kupeleka malalamiko kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, ofisi iliyoanzishwa chini ya Sheria ya Bima ya mwaka 2009. Na kama itagundulika kwamba pikapu haikuwa na bima, mwenye gari ametenda kosa la jinai na atalipa kutoka kwenye mali yake.

Kuhusu karatasi ya daftari aliyoisaini mke wako, kwanza naomba usimlaumu. Mtu aliyesimama nje ya chumba cha upasuaji akisubiri kujua kama mumewe atabaki na mguu wake, akiletewa kalamu na fedha za dawa kwa wakati mmoja, hayuko katika hali ya kufanya mkataba, na aliyemletea alilijua hilo. Kisheria, madai ya majeraha ni yako wewe uliyejeruhiwa, na mke wako hakuwa na mamlaka ya kuyaachia kwa niaba yako kwa sababu tu ni mke wako. Karatasi ile, hata kama imeandikwa kwamba mmemalizana, kwa maoni yangu itabaki kuwa stakabadhi ya shilingi 400,000 zilizopokelewa, ambazo zitakatwa kwenye fidia yako mwishoni, na hivyo ndivyo inavyostahili. Hata mtu aliyesaini mwenyewe anaweza kuutengua mkataba akithibitisha kwamba alishurutishwa au alidanganywa, kwa mujibu wa Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, ila njia hiyo ni ndefu na ina gharama, na ndiyo maana nimekusihi usiiingie kwa kusaini karatasi ya pili ukiwa na akili zako timamu na shahidi mwenye mhuri. Mwenyekiti wa mtaa ni mtu wa kuheshimiwa na ana nafasi yake katika kusuluhisha, lakini hana uwezo wa kuamua kwamba mguu wako una thamani ya shilingi 700,000. Anachoweza kufanya ni kushuhudia kwamba wewe mwenyewe umekubali, na ushahidi wake utakubana.

Kama una shida ya fedha leo, na najua unayo, unaweza kuzipokea hizo 300,000 kwa maandishi yanayosema: nimepokea kiasi hiki kikiwa sehemu ya gharama za matibabu, bila kuathiri madai yangu mengine yote. Wakikataa kutoa kwa maneno hayo, utakuwa umejua kwamba hawakuwa wanakusaidia matibabu, walikuwa wananunua madai yako.

Ili kujua madai hayo yana thamani gani, kusanya kila kitu. Gharama ulizokwisha kuzitoa zinahitaji kutajwa kwa kiasi na kuthibitishwa moja moja. Mahakama ya Rufani imelirudia jambo hilo mara nyingi, na mdai anayekuja na makadirio ya jumla kwenye eneo hili hurudi mikono mitupu. Kwa hiyo tafuta risiti za upasuaji, dawa, gongo na bajaji za kwenda kliniki, pamoja na bei ya kutengeneza au kununua baiskeli nyingine, na mboga zilizosambaa mtaroni usizisahau. Kwa kipato ulichopoteza, najua muuza mboga hana hati ya mshahara, lakini una daftari la mauzo au la madeni ya mama lishe, una taarifa ya miamala ya simu kwa miezi ya kabla ya ajali ikilinganishwa na ya baada yake, na kuna wauzaji wa jumla pale Mawenzi wanaoweza kueleza ulikuwa unachukua mzigo wa kiasi gani kwa siku. Maumivu, na kupungukiwa uwezo wa kufanya kazi kuanzia sasa, ni eneo jingine ambalo mahakama hukadiria yenyewe, na hapo nguzo yako ni taarifa ya daktari inayoeleza kwa asilimia kiwango cha ulemavu wa kudumu. Taarifa hiyo usiiombe mapema mno. Daktari wako ndiye atakayesema lini mguu umefikia hali ambayo unaweza kupimwa kwa haki, hasa kama bado kuna upasuaji wa kutoa vyuma, na hii ni sababu nyingine ya kutomaliza mambo leo wakati hujui kama utapiga pedali tena.

Muda unao, ila si wa kuchezea. Madai yanayotokana na uzembe yanapaswa kufunguliwa ndani ya miaka 3 tangu siku ya ajali, kwa mujibu wa Sheria ya Ukomo wa Muda, Sura ya 89, na mazungumzo na tajiri au na kampuni ya bima hayasimamishi saa hiyo, hata yakiwa ya kirafiki namna gani. Kwa wasomaji wengine ambao gari lililowagonga ni la Serikali, halmashauri au shirika la umma, kuna sharti la kutoa notisi ya siku 90 kabla ya kufungua shauri, na shauri lenyewe hufunguliwa Mahakama Kuu. Walioko Zanzibar wafuate sheria za huko, ambazo ni tofauti.

Kwako wewe, shauri la kiasi hiki litakwenda Mahakama ya Wilaya au ya Hakimu Mkazi, na nisingependa uende peke yako, kwa sababu namna ya kuandika hati ya madai ina masharti yake. Ukiwa huna uwezo wa kumlipa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inatambua watoa msaada wa kisheria wanaowahudumia bure wasio na uwezo, na Morogoro wapo wasaidizi wa kisheria ambao ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri inaweza kukuelekeza kwao. Unapokwenda, beba PF3, risiti zote hata zile zilizochakaa, namba ya usajili wa pikapu, namba ya jalada la polisi, na majina ya watu wawili watatu waliokuwa sheli jioni ile. Mwende pamoja na mke wako, aeleze mwenyewe jinsi ile karatasi ya daftari ilivyosainiwa, na maelezo yake yaandikwe siku hiyohiyo wakati bado anayakumbuka vizuri.